UZI: Kabla ya kusaka soko la nje la maziwa, tupige hesabu ya kilo moja ya unga

MpimaMaziwa (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Masika yakikolea mambo huwa ni yaleyale: nyasi zinaota, maziwa yanafurika, viwanda vinapunguza kupokea, na bei ya mfugaji inaporomoka. Kisha anatokea mtu redioni anasema tiba ni kuuza nje, kwa sababu China inanunua, Algeria inanunua, Waarabu wananunua. Kazi yangu ni kupokea na kupima maziwa kiwandani, pembezoni mwa Nairobi, na swali hili naletewa na wafugaji, na vijana wenye mtaji, hata na majirani. Ni swali la haki. Sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii hutoka kwa watu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, na kila ahadi ya soko la nje inawagusa wao kwanza. Naomba tulijibu kwa hesabu.

Dunia inazalisha maziwa zaidi ya tani milioni 900 kwa mwaka. Yanayovuka mipaka ya nchi hayafiki asilimia 10. Sababu ni nyepesi: maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87, na yanaharibika upesi, basi hunywewa kulekule yanakokamuliwa. India inaongoza dunia kwa uzalishaji na karibu yote inayanywa yenyewe. Yanayosafiri mbali husafiri yakiwa unga, siagi au jibini. Bei ya unga huo huangaliwa kwenye mnada wa Global Dairy Trade, ulioanza New Zealand mwaka 2008 na ambao hufanyika mara mbili kwa mwezi.

New Zealand ina watu karibu milioni 5, na ng'ombe wa maziwa ni kama idadi hiyohiyo. Zaidi ya asilimia 90 ya maziwa yao huuzwa nje. Ng'ombe wanalisha nyasi kondeni, na ruzuku kwa wakulima zilianza kuondolewa mwaka 1984, kwa hiyo aliyebaki kwenye kazi ni yule anayejua kuzalisha kwa bei ya chini.

Sasa hesabu yetu. Kilo moja ya maziwa ya unga yenye mafuta yote inataka lita 8 hivi za maziwa mabichi. Tuseme mfugaji amelipwa shilingi 50 kwa lita. Hiyo ni shilingi 400 kwa kilo, yaani shilingi 400,000 kwa tani. Kwa dola ya shilingi 130, tumeshafika karibu dola 3,100, na hatujawasha mtambo wa kukaushia, hatujalipa umeme wala mafuta ya tanuri, hatujanunua mifuko, hatujafika Mombasa. Mnadani tani hiyohiyo, miaka ya karibuni, mara nyingi imekuwa ikipanda na kushuka kati ya dola 3,000 na 4,000.

Kwa unga wa kawaida, basi, Algeria na China si wateja wetu. Naamini wateja tunao, tena wengine wako karibu sana. Ila hakuna atakayenunua mpaka turekebishe mambo mawili: lishe ya ng'ombe, na zile saa chache za kwanza baada ya kukamua. Karibuni.

NyasiZaNyandarua

Ndugu, nimesoma mara mbili. Unataka kusema bei yetu ya shilingi 50 ndiyo inayotuharibia soko? Mimi ninakamua Ol Kalou. Mfuko wa lishe ya ng'ombe unapanda kila uchao, nyasi za Boma Rhodes tunanunua kwa marobota wakati wa kiangazi, daktari akija ni pesa, uhimilishaji ni pesa. Ukishusha hiyo 50, mimi nauza ng'ombe napanda viazi.

MpimaMaziwa

Hapana kaka, isishuke hata kidogo. Ninachosema ni kwamba gharama iliyo nyuma ya hiyo 50 ndiyo inayotubana. Kwenye hesabu za wafugaji wengi, lishe peke yake inakula zaidi ya nusu ya matumizi. Nyasi za nepia zikikatwa zimeshakomaa na kuwa kama miti, ng'ombe anajaza tumbo bila kupata chakula, kisha mwenye ng'ombe anafidia kwa mfuko wa dukani. Anayekata nepia mapema, anayetengeneza sileji (majani mabichi yaliyoshindiliwa kuwa akiba) wakati wa mvua na kuifunika vizuri, anayepanda malisho ya jamii ya kunde kama desmodiamu au lusani kwa ajili ya protini, yule lita yake inamgharimu kidogo, na anaikamua hata Februari wakati wengine wamekauka. Shilingi 50 ileile, faida tofauti kabisa.

Jambo jingine linaniuma. Hapa kwetu karibu kila mahali maziwa hulipwa kwa lita. New Zealand mfugaji analipwa kwa kilo za mafuta na protini zilizomo. Sasa mwenye ng'ombe wa Jersey anayetoa mafuta asilimia 5 na mwenye Friesian wa asilimia 3.5 wanalipwa sawa kwa lita, wakati mtengeneza samli anajua vizuri nani kamletea mali. Mfumo wa lita unatufundisha kutafuta wingi wa maji. Kwa soko la nje tunahitaji wingi wa kilichomo ndani ya maji hayo.

MwanaWaMbarara

Wapendwa, mimi Mganda ninayeishi South B hapa Nairobi na biashara yangu ni ya vyakula. Nawaheshimu, lakini lazima niseme. Upande wa kusini-magharibi mwa Uganda malisho ni mapana, mvua mara mbili kwa mwaka, na lita moja inatoka kwa gharama ndogo kuliko ya kwenu. Ndiyo sababu maziwa ya Lato, ya kutoka Uganda, yalijaa kwenye rafu za Nairobi. Mwishoni mwa 2019 na mapema 2020 Kenya iliyakamata. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Soko la Afrika Mashariki ni moja kwa mkataba. Mnawezaje kuomba milango ya wengine ifunguliwe wakati wa kwenu mnaufunga na kuufungua kila msimu?

NyasiZaNyandarua

Ndugu wa Mbarara, unga ukiingia wakati wa masika sisi tunamwaga. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

MwanaWaMbarara

Ningetaka kujua mapema, kaka. Mfanyabiashara anaweza kuishi na sheria ngumu. Anachoshindwa ni sheria ambayo hajui kama wiki ijayo itakuwepo.

MpimaMaziwa

Mnaongea kweli nyote wawili. Ukuta mkubwa wa jumuiya tunao tayari: maziwa kutoka nje ya Afrika Mashariki yanalipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 60. Ukuta huo unamlinda mfugaji wa Ol Kalou na wa Mbarara kwa pamoja. Kugombana ndani ya ukuta kunawapa nafasi wale wa nje, kwa sababu mnunuzi wa Goma au Juba akichoka na kesi zetu ataagiza unga wa Ulaya uliochanganywa na mafuta ya mawese, ambao ndio umetapakaa Afrika Magharibi. Tena mitaji yenyewe imeshavuka mpaka zamani. Brookside, kampuni ya hapa hapa, ilinunua kiwanda cha Sameer cha Kampala mwaka 2015. Maziwa ya Uganda na pesa za Kenya ziko kwenye pipa moja. Ningependa kuona ratiba ya msimu inayojulikana na pande zote: miezi gani unga unaingia, miezi gani unapungua, iandikwe na ifuatwe.

MamaChaiKariobangi

Wanangu, mimi nauza chai na mandazi Kariobangi Kaskazini. Naomba mnieleze kitu kimoja. Mkianza kupeleka maziwa nje, mimi nitanunua kwa ngapi? Januari na Februari ninahangaika na bei hata sasa. Mteja wangu ni fundi wa jua kali, akiona kikombe kimepanda shilingi tano anahamia chai ya rangi.

MpimaMaziwa

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo kiini cha habari yote, na wanaoandika mipango ya mauzo ya nje hulipitia kwa mstari mmoja.

Kenya inakamua lita karibu bilioni 5 kwa mwaka, na Mkenya mmoja kwa wastani hutumia lita kama 100 au zaidi kidogo. Kusini mwa Sahara ni nchi chache mno zinazotufikia. Hatuna mlima wa maziwa unaotafuta pa kwenda. Tuna furiko la miezi michache na ukame wa miezi mingine, na katikati yake kuna wewe na jiji zima linalokunywa chai ya maziwa asubuhi, saa nne na jioni. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa hayapiti kiwandani kabisa. Yanapita kwa mchuuzi wa pikipiki, milk bar, na mashine za ATM za kuuzia maziwa zilizoenea mitaani. Kwa hiyo mteja mkubwa wa mfugaji wa Kenya ni Nairobi, na huyo hahitaji cheti cha forodha.

Jibu langu kwako: kinachopaswa kwenda nje ni ziada ya masika iliyogeuzwa kuwa kitu kinachokaa, pamoja na bidhaa ambazo mtu wa nje hazipati kwingine. Na kiwanda kikikausha ziada ya Mei, unga huohuo urudi kwako Februari badala ya kuagizwa. Hapo bei yako inatulia hata kabla hatujauza nje kilo moja.

MzeeWaKinangop

Kijana amesema vizuri juu ya kukausha ziada. Tuliokula chumvi nyingi tunakumbuka kwamba nchi hii ilikuwa nayo mashine hiyo na ilifanya kazi. KCC, kampuni ya ushirika ya maziwa, ilianzishwa 1925, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba ziada ya mvua ikaikausha. Mwaka 1979 Rais Moi alipoanzisha maziwa ya Nyayo mashuleni, watoto walikunywa zile pakiti za pembe tatu, na mfugaji akapata mteja asiyepungua wakati wa mvua. 1992 soko likafunguliwa, KCC ikadorora mpaka ikaanguka, na 2003 serikali ikaifufua kwa jina la New KCC. Ushindani ulileta viwanda vingi na mambo mazuri, sikatai. Lakini ile kazi ya kuhifadhi ziada ikawa haina mwenyewe. Ninawaomba vijana mnapoongea na wakubwa, muulize maziwa ya shule kabla ya kuuliza Dubai. Mtoto wa shule ya msingi ni mnunuzi wa kudumu.

KijanaMtafuta

Asante mzee. Mimi nina swali la biashara. Tumeacha unga. Vipi maziwa ya UHT, yale ya pakiti yanayokaa bila friji? Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, DR Congo 2022, Somalia 2024. Hawa wote hawana viwanda vya kutosha. Si ndio soko lenyewe?

WakalaWaMizigo_Industrial

Hapo nijibu mimi, maana napakia mizigo ya Juba na ya Goma kutoka Industrial Area. Soko lipo na ni la kweli. Maziwa ya UHT yanakaa hadi miezi sita bila baridi, na Juba umeme wa kutegemea haupo, kwa hiyo pakiti hizo zinanunuliwa na hoteli, mashirika ya misaada na maduka ya kawaida. Lori linapita Eldoret, Malaba, Gulu, Nimule. Barabara inapitika. Mashindano ni na maziwa ya Uganda, ambayo yako karibu zaidi na bei yake ni nafuu.

Shida niliyoiona ya kweli ni ubora baada ya muda. Kuna mteja wangu wa Juba alipokea mzigo mzuri kabisa, tarehe sawa, pakiti hazikuvuja. Miezi michache baadaye maziwa yakawa machungu, mengine yameganda kama uji ndani ya pakiti. Alirudisha picha tu, mzigo haurudi. Tangu siku hiyo ananunua ya nchi nyingine. Kiwanda kilimwambia ni joto la Juba. Mpimaji, hili ni kweli?

MpimaMaziwa

Joto linaharakisha, lakini halianzishi. Ninaomba mnivumilie nieleze, kwa sababu hapa ndipo soko letu la nje linapokufa.

Maziwa ya UHT huchemshwa kwa nyuzijoto kama 135 hadi 140 kwa sekunde chache. Karibu vijidudu vyote vinakufa. Lakini kama maziwa yalikaa muda mrefu kabla ya kufika kiwandani, kuna bakteria wanaozaliana hata kwenye baridi, na hao huacha vimeng'enya ambavyo moto huo hauviui vyote. Bakteria wamekufa, kazi yao inaendelea. Ndani ya pakiti vimeng'enya vinakatakata protini polepole, ladha inageuka uchungu, mwisho maziwa yanaganda. Hakuna mashine ya kiwandani inayoweza kurudisha maziwa yaliyokwisha kuchoka njiani.

Sasa fuateni safari ya lita moja ya asubuhi. Imekamuliwa saa kumi na moja alfajiri. Kwenye joto la mwili wa ng'ombe bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Inakaa kwenye debe la plastiki lililooshwa kwa maji baridi, inamsubiri mwenye pikipiki, inasubiri gari la ushirika barabarani, inafika kwenye mtambo wa kupozea saa nne. Ikishuka hadi nyuzijoto 4 wakati huo, tumeipoza ikiwa na umati ndani yake. Halafu inakaa siku mbili kabla ya kusindikwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi kina madaraja matatu. La kwanza ni chini ya bakteria 200,000 kwa mililita, la mwisho linafika milioni 2. Umoja wa Ulaya unataka wasizidi 100,000. Zambia nayo ilituzuia kwa miaka mingi kwa hoja hizihizi za bakteria kwenye maziwa mabichi, na kesi hiyo ilizunguka kwenye vikao vya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tulilalamika kwamba ni kizuizi cha biashara, na huenda kulikuwa na nia hiyo ndani yake, lakini kipimo chetu cha milioni 2 ndicho kilichowapa kisingizio. Ningekuwa na pesa za umma mkononi, mitambo midogo ya kupozea karibu na zizi ningeinunua kabla ya maonyesho yoyote ya biashara ya nje. Na ningemlipa zaidi mfugaji wa daraja la kwanza, shilingi kadhaa zinazoonekana kwenye karatasi yake ya malipo.

NyasiZaNyandarua

Hiyo ya mwisho ndiyo nataka kusikia. Mimi nina ndoo ya chuma na naosha kwa maji moto. Jirani yangu anatumia debe la mafuta ya kupikia. Mizani inatuona sawa.

DaktariWaMifugo_Uthiru

Nimefuatilia uzi huu kwa furaha. Niongeze upande wangu, kwa kuwa bakteria wanaonekana na kupimwa upesi, lakini kuna kitu kinachopita bila harufu wala rangi: sumukuvu.

Mahindi au pumba zikipata unyevu zinaota kuvu, kuvu inatoa sumu inayoitwa aflatoksini B1. Ng'ombe akila, mwili wake unaigeuza sehemu ndogo kuwa M1 na kuitoa kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha hakuiondoi. Kwenye jibini ndiyo inazidi kujikusanya, kwa sababu inashikamana na protini. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kinachofuatwa na huku kwetu, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Cha Ulaya ni 0.05, mara kumi chini. Sasa mkulima anapomlisha ng'ombe mahindi yaliyooza "kwa sababu watu hawawezi kuyala", anadhani ameokoa hasara. Sumu inarudi mezani kwa watoto wake kwenye kikombe.

Habari njema ni kwamba ukiondoa lishe hiyo mbaya, maziwa husafika ndani ya siku chache. Huu si ugonjwa wa kudumu. Hifadhi pumba juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Usinunue lishe iliyoshikana mabonge. Vyama vya ushirika vidai kwa mtengenezaji lishe matokeo ya vipimo kwa kila shehena. Mnunuzi mkubwa ana sauti, mfugaji mmoja hana.

Kuna dawa pia. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Wapo wasioyapeleka kiwandani, wakawauzia wachuuzi. Jamani, mwenye kunywa ni mtoto yuleyule wa Nairobi. Na ugonjwa wa miguu na midomo bado tunao nchini, ambao peke yake unatosha nchi nyingi kuweka masharti magumu juu ya maziwa yetu hata mengine yote yakiwa sawa. Chanjo ya mara kwa mara si hiari kwa anayetaka kuuza nje. Mkataba wetu wa ubia na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi Julai 2024, na watu walishangilia ushuru kuondolewa. Ushuru haukuwa ndio mlango uliofungwa.

BintiWaIsiolo

Assalaam alaykum wadau. Mmezungumza ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Mbona ngamia hamumtaji?

Kila siku maziwa ya ngamia yanaingia Eastleigh kwa mabasi kutoka Isiolo. Ni biashara ya wanawake tangu mwanzo mpaka mwisho: anayekusanya bomani, anayepokea Isiolo, anayepokea Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 Kenya. Ngamia anakamuliwa wakati wa ukame ambapo ng'ombe wa majirani zetu wa nyanda za juu wamekauka. Hanunuliwi mfuko wa lishe. Anakula miti.

Sasa upande wa soko la nje: Dubai wana kiwanda cha maziwa ya ngamia kilichopata ruhusa ya kuuza Ulaya mwaka 2013. Huko unga wa ngamia unauzwa kwa bei ambayo unga wa ng'ombe haujawahi kuota. Ile hesabu ya mwanzisha uzi ya dola 3,100 kwa tani, kwa ngamia haishiki kabisa. Hapo ndipo Kenya ina kitu ambacho New Zealand haina.

Tatizo letu nalo nalisema wazi. Maziwa yanatembea kwenye mitungi ya plastiki, mengine yanafukizwa moshi ili yasiharibike, yanafika Eastleigh yameshaanza kuchachuka. Msomali wa Nairobi anayapenda hivyo, susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka, ni chakula chetu. Mnunuzi wa unga hatayataka hivyo. Na mahali pa kupozea ni Isiolo mjini, wakati ngamia yuko mbali kwa saa nyingi za njia mbaya.

MpimaMaziwa

Dada, umenifurahisha sana, na nilikuwa nasubiri mtu wa huko aseme mwenyewe. Kwa maoni yangu ngamia ndiye nafasi ya kwanza ya Kenya kwenye soko la mbali. Bidhaa ni adimu, walaji wapo Ghuba na kwa diaspora ya Kisomali, na hatushindani na mnada wa New Zealand. Nia yangu kwa mwaka huu ni kuona mitambo ya jua ya kupozea ikifika kwenye visima ambako ngamia wanakusanyika. Je, akina mama wa Isiolo wanapima nini wanapopokea?

BintiWaIsiolo

Wengi wananusa na kuonja, na wana uzoefu mkubwa. Vikundi vilivyosajiliwa vina kipimo cha alkoholi cha kugundua maziwa yanayoanza kuharibika, na laktomita ya kugundua yaliyoongezwa maji. Mitungi ya alumini imeongezeka, lakini bei yake kwa mama mmoja ni nzito, na bodaboda hapendi kuibeba.

KijanaMtafuta

Nina mtaji wa wastani, si wa kiwanda. Niko Kikuyu, niko karibu na wafugaji. Nikitaka siku moja niuze nje, nianze na nini? Naomba jibu la vitendo.

MpimaMaziwa

Kijana wangu, anza na samli au jibini. Nakupa hesabu. Maziwa ya mafuta asilimia 4 yatakupa kilo moja ya samli kwa kama lita 25. Ukinunua ya Jersey ya asilimia 5, ni kama lita 20. Usiitupe ile maziwa iliyotolewa krimu: igandishe iwe maziwa lala uuze hapo hapo Kikuyu na Kangemi, hiyo ndiyo itakayokulipia umeme. Samli inakaa muda mrefu bila friji, inasafiri kwenye mkebe, na wanaoijua wapo kuanzia Mombasa, Mogadishu mpaka Ghuba. Jibini inataka lita 10 hivi kwa kilo, faida yake ni nzuri kwenye hoteli za Nairobi, lakini inadai chumba cha baridi na mtu aliyejifunza kazi. Usianze nayo peke yako.

Leseni ya Bodi ya Maziwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ziombe mapema, kabla hujanunua chombo kikubwa, kwa sababu wakaguzi watakuambia sakafu na mifereji iweje. Kubomoa sakafu baadaye ni hasara. Panga na wafugaji kumi unaowajua kwa sura, wenye usafi, uwalipe kwa mafuta badala ya lita. Weka daftari la kila mkebe: umetoka kwa nani, saa ngapi, joto gani. Mnunuzi wa nje atakuuliza daftari hilo kabla ya kukuuliza bei.

WakalaWaMizigo_Industrial

Naongeza hapo. Usitume mzigo kwa ahadi. Kwa mteja mpya chukua malipo ya nusu kabla ya kupakia na iliyobaki kabla ya kukabidhi. Na cheti cha uasili wa bidhaa kikosekane siku moja tu, mteja wako anatozwa ushuru kamili upande wa pili, hatanunua tena kwako.

MamaChaiKariobangi

Hayo maziwa lala ya kutolewa krimu utauza kwa ngapi lita, mwanangu wa Kikuyu? Hapa kwangu mchana watu wanayaulizia sana na mandazi.

KijanaMtafuta

Mama, nikianza nitakuletea ya kuonja kwanza, bei tutaelewana. Mpimaji, naomba nije nione mnavyopima mafuta. Nitaleta maziwa ya wafugaji watatu tofauti.

MpimaMaziwa

Njoo Jumanne, asubuhi mapema kabla magari hayajaanza kupanga foleni. Leta nusu lita ya kila mfugaji kwenye chupa safi ya kioo, iliyochemshwa na kukauka, na uifunge kwa barafu. Andika saa ya kukamua juu ya chupa. Daktari wa Uthiru, kama una nafasi, tuambie ni maabara gani hapa Nairobi zinazopokea sampuli za pumba kutoka kwa mfugaji mdogo, ili wa Nyandarua naye atume zake.

DaktariWaMifugo_Uthiru

KEBS wanapokea kwa malipo. Lakini mwambie asitume peke yake, ushirika wake uchangishe sampuli: mchoto mdogo kutoka sehemu mbalimbali za kila gunia, wachanganye, kisha watume kilo moja ya mchanganyiko huo. Kuvu hukaa kona moja ya gunia, na ukichota mahali pamoja utaikosa.